Anki kwa mtu mzima anayejifunza Kiingereza: uzoefu wangu

Nafundisha Kiingereza watu wazima, na Anki ndiyo programu ninayowawekea kwenye simu. Kwenye Android inaitwa AnkiDroid na ni ya bure. Kwenye iPhone inauzwa. Ikishapakuliwa haihitaji bando, mtu anarudia maneno yake ndani ya daladala.

Kazi yake ni kadi: mbele swali, nyuma jibu. Ukikumbuka, kadi inakaa siku nyingi zaidi kabla ya kurudi. Ukisahau, inarudi baada ya dakika chache. Hapo sina malalamiko. Kinachoharibika ni kadi zenyewe. Anayeandika “kusikia: hear” atakuja kusema “I hear cold”, maana kwetu baridi inasikika na harufu inasikika. Kuazima ndiko kunakosumbua zaidi: sisi tuna neno moja, Waingereza wana borrow kwa anayechukua na lend kwa anayetoa. Kwa hiyo mbele ya kadi nataka sentensi yenye pengo, “Can I ___ your ladder until Friday?”, na chini yake dokezo: kuazima, nachukua mimi. Nyuma ni borrow, pamoja na sauti iliyorekodiwa. Sentensi itoke kwenye kazi ya mwanafunzi mwenyewe. Mwanafunzi wa mfano huu ni fundi rangi, ngazi (ladder) anaishika kila siku. Lend isiingizwe wiki hiyohiyo. Ngoja borrow likae kwanza kichwani, la sivyo yote mawili yatavurugika.

Programu inakuja imepangiwa kadi mpya 20 kwa siku. Kwa mtu anayetoka kazini jioni ni nyingi mno: marudio yanarundikana, baada ya wiki chache anakuta zaidi ya 100 zinamsubiri, na hapo wengi huacha. Ingia kwenye mipangilio ya fungu lako la kadi, weka 7. Kwa mwezi ni maneno 210, na hayo ni mengi.

Kosa ninaloliona kila mara ni kubonyeza kitufe cha Hard wakati mtu amesahau. Hard maana yake umekumbuka kwa taabu, kwa hiyo kadi inasogezwa mbele kana kwamba unaijua. Ukisahau, bonyeza Again.

Kadi ikisahaulika mara 8, programu inaiwekea alama ya leech, yaani ruba: kadi inayokula muda wako bila kukaa kichwani. Usiing’ang’anie. Mara nyingi sentensi ndiyo mbovu, au pengo linakubali maneno mawili. Ifute, andika nyingine.