Shukrani ya familia: kauli ya jioni au kopo la vikaratasi?

Kauli ya jioni haina gharama. Baada ya kula, kabla vyombo havijaondolewa mkekani, kila mmoja aseme sentensi moja: nani, alifanya nini, kikamsaidia vipi. Mdogo aanze, la sivyo ataiga ya kaka yake. Wiki ya pili utachoka kusikia "nashukuru kwa chakula". Dawa ni kuuliza: nani kapika, maji kayatoa wapi? Kwa nyumba za Newala, ambako maji ni shughuli, jibu huwa refu.

Kopo linawafaa wenye haya, hasa vijana wa sekondari. Tafuta kopo la plastiki lenye mfuniko na penseli. Unyevu wa pwani, kama Mikindani, husambaza wino. Kila mtu aandike kikaratasi kimoja cha shukrani kwa wiki, akitie koponi, kisomwe Ijumaa au Jumapili usiku. Bibi asiyeandika aandikiwe na mjukuu. Linaloharibu ni mzazi kuandika "nitashukuru ukifagia". Hiyo ni amri.

Msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, watu hurudi shambani hoi. Hapo tumieni kopo. Miezi mingine tunapendelea kauli, hasa penye watoto wasiojua kuandika.