Mikono kuwasha na kubabuka baridi ya Mbeya: dawa za kupaka nilizotumia na zilizonisaidia

Jamani kwa anayetaka jibu la haraka, haidrokotisoni ya asilimia 1 ndo ilinitulizia muwasho, mafuta ya mgando ndo yaliyoirudisha ngozi yenyewe, kalamini ni nzuri ila sio kwa ngozi kavu, na zile krimu za mchanganyiko wa dawa tatu kwenye tyubu moja naomba msizinunue kwa kushauriwa tu na jirani. Sasa nieleze vizuri.

Mimi ni mama lishe hapa Mwanjelwa, mikono yangu maji hayaishi. Asubuhi vyombo na sabuni ya unga, halafu vitunguu, pilipili, ndimu ya kachumbari, halafu narudi kwenye moto, halafu vyombo tena. Miezi ya mvua navumilia, ila kipupwe kikiingia, mwezi wa sita mpaka wa nane hivi, huku juu mita 1,700 hewa inakuwa kavu na baridi ile mnaijua wenyewe, ngozi katikati ya vidole na mgongo wa mkono inakuwa nyeusi, ina magamba, inawasha mpaka usingizi unakata, ukikunja ngumi inachanika. Wengine wanaita pumu ya ngozi. Yangu niliambiwa ni ngozi kuchokozwa na sabuni na maji, ile mafuta ya asili ya ngozi yanaoshwa yote kisha baridi inamalizia.

Nilienda duka la dawa muhimu, yule binti akanipa shikamoo, hakukimbilia kuniuzia, akaniuliza, "Mama, inakuwasha zaidi usiku? Na nyumbani kuna mwingine anajikuna?" Nikamwambia hapana, ni mimi tu na ni mikono tu. Akasema basi haielekei kuwa upele, maana upele ni wadudu, unawasha sana usiku, unapenda katikati ya vidole na kwenye viwiko vya mkono na kiunoni, na ukiingia nyumba unawapata wote, huo dawa yake ni nyingine kabisa, BBE (benzili benzoeti, dawa ya maji ya kupaka), na mnapaka familia nzima siku moja na nguo na mashuka mnafua. Hapo nilimpenda kwa sababu kuna watu wanapaka krimu ya muwasho mwezi mzima kumbe ni upele na wanazidi kuwaambukiza watoto.

Akanipa haidrokotisoni asilimia 1, tyubu ndogo ya gramu 15, niliuziwa elfu tatu. Akanieleza hiyo ni steroidi lakini ile ya chini kabisa kwa nguvu, inafanana na homoni ambayo mwili wenyewe unatengeneza, kazi yake ni kutuliza ule uvimbe na muwasho. Unapaka kidogo asubuhi na jioni, na kipimo chake ni rahisi, kamua dawa kwenye kidole cha shahada kuanzia nchani mpaka kiungo cha kwanza, hiyo ni kama nusu gramu na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Sio kujipaka kama losheni! Na isizidi wiki moja, usoni usipake bila kuambiwa na daktari, mtoto mdogo vilevile, na penye usaha au kidonda kibichi usiweke. Kwangu muwasho ulianza kulala mapema tu, nikalala na mimi, kwa kweli nilimshukuru Mungu.

Lakini jamani mkiniuliza hela yangu iende wapi nitawaambia mgando. Yale ya kawaida, Vaseline au mengine, ila chukua yasiyo na manukato maana manukato yenyewe yanaweza kuichokoza ngozi iliyobabuka. Haidrokotisoni inazima moto tu, haijengi ngozi, ukiiacha na ukaendelea na sabuni muwasho unarudi palepale. Mgando unaziba ili maji yasitoke kwenye ngozi, kwahiyo paka ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, ukimaliza kunawa jifute kwa kugandamiza kitambaa bila kusugua halafu paka hapohapo. Mimi kopo liko pembeni ya beseni la vyombo, kila nikitoa mikono napaka, wateja wameshazoea. Usiku napaka mengi navaa soksi safi za pamba mikononi, mume wangu alicheka mwanzoni sasa na yeye anapaka. Nikaongeza glavu za mpira za kuoshea vyombo, ndani yake navaa zile nyembamba za pamba maana jasho la mpira nalo linawasha, na maji ya kunawa nimeacha ya moto natumia vuguvugu. Najua asubuhi ya baridi ya Uyole kuambiwa uache maji ya moto ni adhabu lakini maji ya moto yanaondoa mafuta ya ngozi kuliko ya vuguvugu.

Kalamini, ile losheni ya pinki, msiitupe. Ina zinki na ile rangi ni ya oksaidi ya chuma, inapoza na inakausha. Inakausha, ndo maana kwenye mikono yangu iliyopasuka haikuwa na kazi, ilibaki unga mweupe mweupe na ngozi ikakaza zaidi. Ila tukishuka Kyela kwa wakwe, kule joto na mbu wa ziwani, wajukuu wakitoka vipele vya joto au wameumwa na mbu nawapaka hiyo na wanatulia. Tikisa chupa kwanza.

Sasa hizi za mchanganyiko. Humo kuna steroidi kali, betamethasoni au hata klobetasoli, na dawa ya fangasi na ya bakteria, mtu akijikuna tu anaambiwa chukua hii inamaliza yote. Mtoto wa jirani yangu alikuwa na mashilingi shingoni, ile fangasi ya duara, wakampaka hiyo, muwasho ukapoa wakafurahi, baada ya muda duara likatanuka mpaka mgongoni tena halina hata ule mpaka wake wa kawaida, daktari akasema steroidi imeficha fangasi huku inailisha. Kumbe klotrimazoli peke yake ilitosha, unapaka mara mbili kwa siku na unaendelea wiki mbili hata baada ya alama kupotea, hapo ndo wengi wanakatisha. Na dada zangu mnaozipaka usoni kwa ajili ya kung'aa, nawaomba kwa upendo kabisa, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, chunusi zinatoka, na ukiacha ghafla uso unawaka moto. Nimewaona kwa macho yangu hapa sokoni na inaniuma.

Penye usaha, ukoko wa njano, homa, au macho na midomo kuvimba, achana na duka nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kwa sasa mikono iko vizuri, nikamrudia yule binti nikamwambia ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Kilichobaki ni magaga ya miguuni, mgando unalainisha juu tu mpasuko hauzibi, akaniambia nijaribu krimu ya yurea asilimia 10 maana yenyewe inalainisha ile ngozi ngumu, ila mikononi nisiipake pakiwa pamechanika kwa sababu itachoma. Dukani kwake ilikuwa imeisha, kama kuna mtu ameiona maduka ya Kabwe au Soweto hapa Mbeya aniambie na bei.