Chungwa Zima, Juisi au Ganda: Kipi Kinastahili Fedha Yako?

Anayenunua machungwa kwa ajili ya afya kwa kawaida huwaza vitamini C peke yake, ambayo ni kiasi cha miligramu 50 hivi katika kila gramu 100 za chungwa. Hata hivyo, antioksidanti (viambato vinavyokinga seli za mwili) za kundi la flavonoidi, yaani kemikali za asili za mimea, hasa ile iitwayo hesperidini, zimejaa zaidi katika tabaka jeupe lililo chini ya ganda na katika ngozi nyembamba zinazotenganisha vipande. Kwa hiyo hapa nimezingatia kwanza ni kiasi gani cha sehemu hizo kinamfikia mlaji.

Nafasi ya kwanza ni ya chungwa zima, na kwa Tanzania ningeanza na la Muheza, mkoani Tanga. Rangi ya kijani isikutishe, kwani katika maeneo ambako usiku haupoi vya kutosha chungwa huiva na kuwa tamu huku ganda likibaki kijani. Lipime mkononi: lililo zito kuliko linavyoonekana ndilo lenye maji mengi. Muuzaji wa barabarani akilimenya kwa kisu, huondoa ganda la juu kwa utepe mrefu na kuacha tabaka jeupe limelizunguka tunda. Mwombe alimenye mbele yako kwa kisu safi, kisha ule na makapi yake. Mazoea yetu ya kukata kichwa cha chungwa, kufyonza maji na kutupa yaliyobaki yanatupotezea nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya hesperidini tuliyoilipia.

Ya pili ni juisi iliyokamuliwa ukiona, isiyochujwa sana, na inywewe mapema kwa sababu hewa na joto hupunguza vitamini C. Glasi moja humaliza machungwa matatu hivi, pamoja na sukari yake yote.

Juisi ya pakiti ni ya tatu, mradi iandikwe kuwa ni ya matunda kwa asilimia 100. Itikise kabla ya kumimina, kwa kuwa hesperidini haiyeyuki vizuri katika maji na hutuama na chembechembe za tunda. Vinywaji vyenye ladha ya chungwa tu sivipi nafasi yoyote.

Ganda linastahili kununuliwa kwa uangalifu wa pekee. Lina flavonoidi kama nobiletini na tangeretini, lakini matunda ya kutoka nje mara nyingi hupakwa nta na dawa ya kuzuia ukungu. Kwa achari au chai, chagua ndimu na machenza ya mkulima wa karibu, uyaoshe vizuri.

Balungi, ambalo uchungu wake hutokana na naringini, ni tunda zuri kwa asiyetumia dawa. Furanokumarini zake, ambazo ni kemikali za asili za tunda hilo, huzuia kimeng'enya cha utumbo kinachovunja baadhi ya dawa za kolesteroli na za shinikizo la damu, hata dawa ikazidi mwilini. Danzi, yaani chungwa chungu, nalo lina viambato hivyo, kwa hiyo anayemeza dawa za aina hiyo amuulize mfamasia kabla ya kununua lolote kati ya hayo mawili.