Simu mapajani au usawa wa macho?

Kichwa cha mtu mzima kina kilo 5 hivi. Ukikiinamisha nyuzi 60 kusoma simu iliyo mapajani, shingo hubeba mzigo wa takriban kilo 27, kwa hesabu aliyochapisha daktari mpasuaji Kenneth Hansraj wa New York mwaka 2014. Ni hesabu ya kompyuta, haikupimwa kwa watu hai, kwa hiyo tusiitumie kutishia watoto. Lakini misuli ya shingo huchoka kweli.

Kuinua simu usawa wa macho huipumzisha shingo, ila mabega hulalamika upesi. Na ndani ya daladala iliyojaa, utainulia wapi? Mimi naishika usawa wa kifua, viwiko juu ya mkoba, macho ndiyo yashuke.