Bromothaimoli bluu: maoni yangu baada ya kuitumia maabara ya shule

Nafundisha kemia na baiolojia sekondari huku Temeke, na katika viashiria vyote (dawa zinazobadili rangi kuonyesha asidi au alkali) hiki ndicho ninachokipenda zaidi. Nilinunua ya unga, duka la vifaa vya maabara Kariakoo. Nachanganya mwenyewe: gramu 0.1 kwenye mililita 16 za sodiamu haidroksaidi ya 0.01 M, ikishayeyuka najazia maji yaliyokenekwa hadi mililita 250. Tunatumia kwa matone, kwa hiyo chupa hiyo moja inatutosha sana.

Inapong'ara ni kwenye upumuaji na usanisinuru. Weka matone machache kwenye maji yenye alkali kidogo, yawe bluu, kisha mwanafunzi apulize kwa mrija wa soda (apulize, asivute!). Mapovu yanapanda, bluu inaingia kijani, kijani kinapauka, mwisho njano tupu. Hewa ya ukaa imeyeyuka na kuwa asidi hafifu. Sasa gawa maji hayo ya njano kwenye testityubu mbili, kila moja na kitawi cha mmea wa majini, ule wanaouza watu wa samaki wa mapambo. Moja ifunge foili, nyingine iweke dirishani. Kwa jua letu la Dar, ya dirishani inarudi kijani halafu bluu, maana mmea umeitumia ile hewa. Ya kwenye foili inabaki njano. Wanafunzi waliokuwa wanakariri tu, hapo ndipo wanaanza kuuliza maswali ya kweli.

Mipaka yake ni pH (kipimo cha asidi na alkali, 7 ikiwa katikati) 6.0 hadi 7.6. Chini ya hapo njano, juu bluu, basi. Limau na siki haikutofautishii. Kwenye taitresheni (kupima kiasi cha asidi kwa kuidondoshea alkali, au kinyume chake) ya asidi ya haidrokloriki na sodiamu haidroksaidi inafaa vizuri mno, tone moja tu linaigeuza. Siki usiipime nayo, kwani itageuka kabla asidi haijaisha. Hapo tumia POP (kiashiria cha fenolfthalini). Na wa Kidato cha Nne wazoeshe MO (kiashiria cha methyl orange) na POP kwa ajili ya mtihani.

Angalizo moja: maji yaliyokenekwa yakikaa wazi hunyonya hewa ya ukaa, hivyo ukitia kiashiria yanaweza kuwa njano hata kabla hujapuliza. Tia alkali tone kwa tone hadi bluu itulie, lakini usizidishe, mtoto atapuliza mpaka apate kizunguzungu na rangi isigeuke.