Ellington at Newport 1956: nunua ile yenye watu wa kweli

Karibuni tena, wapenzi wa muziki. Wazee wangu mnaonitazama, shikamooni. Leo hapa mezani nina CD mbili ndani ya kasha moja. Ngoja nisogeze karibu na kamera mwone maandishi: Ellington at Newport 1956, na pembeni yake kuna neno Complete. Lishikeni hilo neno la mwisho. Bila hilo unaweza ukatoa hela yako ukapata kitu kingine kabisa.

Kwanza tuelewane kuhusu jina jazz, maana hapa Dar lina kazi yake. Ukimtajia mtu wa hapa jazz, kichwani inamjia Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, au NUTA Jazz ambayo leo ndiyo Msondo Ngoma. Muziki wa dansi, magitaa yanajibizana. Hii niliyoshika ni ya Marekani, bendi ya Duke Ellington: yeye mwenyewe kwenye piano, besi, drams, na wapulizaji 12. Hakuna gitaa hata moja. Lakini mtu aliyewahi kukesha DDC Kariakoo akisubiri chemko, ile sehemu wimbo unapochanganya, hana haja ya kufundishwa kuisikiliza. Masikio anayo tayari.

Sasa tukio lenyewe. Ni tarehe 7 Julai 1956, tamasha la Newport, jimbo la Rhode Island. Miaka hiyo Ellington alikuwa ameshuka, watu wamehamia kwenye miziki mingine. Usiku ule bendi ilipiga nyimbo chache mapema, ikashuka, ikasubiri wenzao wapige, ikapandishwa tena jukwaani ikikaribia saa sita usiku. Baadhi ya watu wameshaanza kuondoka. Mnaijua hiyo saa: viti vinasogezwa, mtu anatafuta wenzake waondoke.

Ndipo Ellington akaita wimbo wake wa mwaka 1937, Diminuendo and Crescendo in Blue. Ni vipande viwili, na katikati akamwachia nafasi mpiga saksafoni mmoja, Paul Gonsalves, kijana wa Massachusetts ambaye wazazi wake walitoka Cape Verde. Bluzi inakwenda kwa mzunguko: unahesabu nne mara 12, unarudi mwanzo. Gonsalves alizunguka mara 27. Ishirini na saba, bila kushusha saksafoni, huku nyuma yake besi na drams zinasukuma tu, na piano inachomekea hapa na pale.

Msikilize huyu bwana vizuri. Hapigi kwa mbwembwe. Mizunguko ya mwanzo anatembea tu, kama mtu anayeongea na jirani yake. Watu wametulia. Inakaribia mzunguko wa saba hivi, kuna kitu kinakatika. Unasikia sauti moja mbali, kisha nyingine, kisha uwanja mzima. Kuna mwanamke mwenye nywele za rangi ya dhahabu na gauni jeusi aliyeinuka akaanza kucheza, na waliomwona wakainuka naye. Pembeni ya jukwaa Jo Jones, mpiga drams mkongwe aliyewahi kuwa na bendi ya Count Basie, alikuwa amekunja gazeti anagonga nalo ukingo wa jukwaa kuwapa mwendo. Ellington mwenyewe unamsikia akipiga kelele za kumhimiza Gonsalves aendelee. Na Gonsalves anaendelea, kwa sababu wale watu hawamwachi ashuke.

Mimi hapo ndipo ninapolipia hela yangu. Zile nota nyingine angeweza kuzipiga popote. Ile nguvu ya kuanzia mzunguko wa kumi kwenda mbele imetoka kwa watu waliokaa kwenye viti, na unaisikia ikipanda jukwaani.

Niliiweka kwa baba yangu mdogo, Magomeni. Yeye ni mtu wa Msondo tangu ujana wake, Ellington alikuwa hajawahi kumsikiliza hata siku moja. Sikumweleza chochote. Alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Mizunguko ya kwanza alikuwa anaangalia dirishani. Kelele zilipoanza akaweka kikombe chini, akainama mbele, kiganja kikaanza kugonga mkono wa kochi. Ilipoisha akaniuliza swali moja: "Hao watu walirudi makwao kweli?" Hawakurudi haraka, baba. Ilibidi watulizwe. Kwenye CD yenyewe unamsikia Ellington anavyowabembeleza, anamtoa Johnny Hodges na saksafoni yake laini awapoze kwa wimbo wa polepole. Nawaombeni msiruke hapo mkadhani ni maneno matupu. Hapo unamsikia kiongozi wa bendi akiwa kazini, ameshika uwanja ambao nusura umtoke.

Turudi kwenye neno Complete. Santuri iliyotoka mwaka ule ule 1956 iliuzwa sana, lakini sehemu kubwa yake haikuwa ya Newport. Ellington hakuridhika na baadhi ya nyimbo mpya, hazikuwa na mazoezi ya kutosha, basi siku mbili baadaye bendi ikaingia studio New York ikazirudia, zikabandikwa makofi juu yake. Na ile saksafoni ya Gonsalves, ya usiku wenyewe, ilisikika kwa mbali kama mtu anapiga chumba cha pili. Sababu ni kwamba alisimama kwenye maikrofoni isiyokuwa ya Columbia, kampuni iliyokuwa inarekodi santuri. Ilikuwa ya redio, Sauti ya Amerika, iliyokuwa inarekodi kivyake. Tepu ya redio ilikuja kupatikana baada ya miaka mingi, na mwaka 1999 ikaunganishwa na ile ya Columbia, tepu moja sikio hili, nyingine sikio la pili. Ndiyo maana nasema vaa hedifoni, au kaa katikati ya spika mbili. Kwenye simu mezani utapoteza besi yote, na bila besi mizunguko 27 itakuchosha.

Kasoro zipo. CD ya pili, baada ya sehemu ya mwisho ya onesho, imejazwa yale marudio ya studio pamoja na makofi yake ya kubandika. Ni vizuri kuyasikia mara moja ili ujue tofauti: makofi ya kubandika hayajui mpigaji amefanya nini, yanaingia na kutoka kwa saa yake. Baada ya hapo sijayarudia. Maelezo ya kitabu cha ndani nayo yameandikwa kwa maandishi madogo mno, mzee wangu hakuweza kuyasoma bila taa ya simu.

Na hapa nina uchungu wangu, niuseme. Nyimbo nyingi za dansi tunazozipenda zilirekodiwa studio pale RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam. Zimepigwa vizuri, tunazo, tunashukuru. Lakini ule mluzi wa mtu wa meza ya nyuma gitaa la solo likichanganya, yule mama anayepanda kutuza, ukumbi mzima ukiitikia kibwagizo, mle ndani havimo. Baba mdogo anavikumbuka. Mimi nikivitaka lazima nimuulize yeye.

Kwa hiyo nina ombi. Kama nyumbani kuna kaseti mliyorekodi ukumbini, Sikinde au Msondo, Amana au Chang'ombe, hata kama inakwaruza, hata kama watu wanaongea juu ya muziki, msiifute. Niandikieni. Nitakuja na redio kaseti yangu, tuisikilize pamoja, na hao wanaoongea tuwasikilize pia.