Lichess kwa mchezaji anayepanga upya funguzi zake

Mchezaji wa sataranji aliyekomaa hahitaji kufundishwa upya ufunguzi, yaani hatua za mwanzo za mchezo, ni nini. Anahitaji kujua ni mistari ipi (mifuatano ya hatua) inayompotezea pointi, aibadilishe, na ile inayomlipa aiache ilivyo. Kwa kazi hiyo Lichess, tovuti ya bure isiyo na matangazo, inatosha karibu kwa kila kitu. Inapwaya kwenye kukariri tu.

Ubao wa uchambuzi una hifadhidata ya funguzi yenye sehemu tatu: michezo ya mabingwa, michezo ya watumiaji wa Lichess, na michezo ya mchezaji mmoja. Wengi hukimbilia ya mabingwa, lakini kwa anayejikagua hiyo ya tatu ndiyo yenye thamani. Andika jina la akaunti yako, chagua rangi, toa bullet (michezo ya kasi sana) maana huko saa huua kuliko ufunguzi, kisha shuka hatua moja moja ukitazama ushindi, sare na vipigo. Tawi lenye michezo mitano lisikutishe. Na hata lenye michezo mingi, fungua vipigo vyenyewe: kama ulifika hatua ya 20 mko sawa ukaja kuanguka baadaye, ufunguzi hauna kosa na kuubadilisha ni kupoteza muda. Michezo ya mashindano ya ana kwa ana haimo humo, hiyo itakubidi uichunguze kando. (Mpinzani wako naye anaweza kuandika jina lako palepale, jambo ambalo wengi hulisahau.)

Sehemu ya watumiaji huchujwa kwa kiwango na kwa aina ya muda. Weka kiwango cha watu unaokutana nao. Anayejenga Caro-Kann, ufunguzi wa Nyeusi unaoanza 1.e4 c6 (namba ni ya hatua, kisha ya Nyeupe na ya Nyeusi), kwa michezo ya mabingwa peke yake atajaza kurasa za 3.e5 Bf5, halafu akutane na 2.Bc4, hatua ambayo mabingwa hawaichezi sana lakini kwenye ngazi za kawaida haiishi.

Mistari yenyewe utaihifadhi kwenye Study, daftari la Lichess la kuhifadhi uchambuzi, ambayo kila moja inabeba sura zisizozidi 64. Hapa pana kasoro mbili. Ya kwanza: hifadhidata hutambua hali ya ubao hata ikifikiwa kwa njia nyingine, Study haitambui. Chukua 1.e4 c6 2.d4 d5 3.exd5 cxd5 4.c4 Nf6 5.Nc3, kisha 1.c4 c6 2.e4 d5 3.exd5 cxd5 4.d4 Nf6 5.Nc3. Ubao ni uleule, ila kwenye Study ni matawi mawili yasiyojuana. Ukisahihisha moja, la pili linabaki na jibu la zamani, nawe unajifunza majibu mawili yanayopingana. Dawa ni kuandika uchambuzi mahali pamoja, na kwenye njia ya pili uache maelezo mafupi ya kuelekeza sura husika.

Ya pili inaudhi zaidi. Sura ikiwekwa kama somo shirikishi, mpinzani hufuata mstari mkuu tu; matawi ya pembeni hayaji kukuuliza. Kwa hiyo kila jibu zito la mpinzani linataka sura yake, na hapo 64 huisha upesi. Tenga Study moja ya Nyeupe, nyingine ya Nyeusi dhidi ya 1.e4, na ya tatu dhidi ya hatua nyingine zote. Katiza mstari pale mpango unapoeleweka, hata kama Stockfish, programu inayopima hali ya ubao, bado inanong'ona +0.3 (faida ndogo ya Nyeupe). Na usiziache wazi kwa umma.

Ratiba ya marudio, ile inayokurudishia mstari ulioukosea kesho na ulioupata baada ya wiki, Study haina. Chessable, tovuti ya kozi za sataranji, imejengwa juu ya jambo hilo hasa, ingawa kozi zake nyingi ni za kulipia na nyingi zina mistari mingi kuliko mtu wa kawaida anavyoweza kubeba. Mwenye nidhamu ya kurudia mwenyewe abaki Lichess. Asiye nayo ajenge mistari yake Lichess, aishushe kama PGN (faili la maandishi la michezo), aifanyie mazoezi kwenye programu yenye ratiba.